Filimbi ya mbao ya bei nafuu: kagua tundu kabla ya urembo

Tunazungumzia filimbi ya kushika ubavuni, yenye matundu sita ya vidole na ufunguo wa D, ile inayopigwa sana katika muziki wa asili wa Ireland. Inamfaa anayeanza kwa kuwa ukiziba matundu yote sita unapata do, na ukifungua moja moja kuanzia chini unapanda re, mi, fa, so, la, hadi ti matundu yote yakiwa wazi. Aliyeimba kwaya kwa solfa ameshafika nusu ya safari.

Aina ya mbao iache mwisho. Muuzaji atakwambia ni mpingo. Ni kweli mafundi wa Ulaya wanautegemea mpingo kwa filimbi na klarineti, na mwingi hutoka kusini mwa Tanzania. Lakini mti huo ni mzito hadi unazama majini, hukauka polepole, na hauuzwi bei ya chee. Filimbi nyeusi tii iliyo nyepesi ni mbao nyingine iliyopakwa rangi. Lowesha kitambaa cheupe kidogo, usugue ndani ya kiungo, pale vipande viwili vya filimbi vinapounganika: kikitoka cheusi, umeshajua. Hilo peke yake si sababu ya kuikataa, ila usiilipie bei ya mpingo.

Sasa washa tochi ya simu, utazame tundu la kupulizia. Hapa ndipo filimbi nyingi rahisi zinapoharibikia. Tundu zuri ni la duaradufu, kama milimita 10 kwa 12, na ule ukingo wa mbali na mdomo, unaopasua pumzi, una makali safi. Ukuta wake hupanuka kidogo kuelekea ndani. Tundu lililotobolewa duara kwa keekee, kisha likalainishwa kwa msasa hadi ukingo ukawa butu, litakupa pumzi nyingi na sauti kidogo. Anayeanza huhisi kosa ni la midomo yake, akakata tamaa mapema.

Kisha chukua rula. Kwenye kichwa, yaani kipande chenye tundu la kupulizia, njia ya hewa huwa na upana wa karibu milimita 19, halafu mwilini hukonda hadi kama 11 au 12 karibu na mwisho. Kukonda huko ndiko kunakoweka oktava ya pili, yaani zile do, re, mi za juu, mahali pake. Ukikuta mwili una upana uleule juu na chini, kuna uwezekano mkubwa sauti za juu zitashuka.

Kama unaweza kutoa sauti, au umekuja na mwenzako anayeweza, ipulize dakika tano ipate joto, maana filimbi baridi hushuka. Fungua programu ya kutuni gitaa kwenye simu, piga do ya chini, halafu puliza kwa nguvu zaidi bila kubadilisha vidole upate do ya juu. Tofauti ya senti 10 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) utaizoea. Ikipita 20, tazama kwanza kizibo kilicho ndani ya kichwa: kinatakiwa kukaa kama milimita 19 kutoka katikati ya tundu la kupulizia. Do ya juu ikiwa imeshuka, sogeza kizibo milimita moja kuelekea tundu, upime tena. Kama hata hivyo haikai sawa, irudishe rafuni.

Asiyejua kupuliza apime uvujaji. Ondoa kichwa, ziba matundu sita kwa vidole na mwisho wa chini kwa kiganja cha mwenzako, kisha nyonya hewa kwa juu. Ukiacha kunyonya, ziba kwa ulimi, nao ubaki umevutwa sekunde kadhaa. Hewa ikirudi mara moja, kuna ufa au kiungo kimelegea. Kiungo huzungushiwa uzi wenye nta ya nyuki kikakaza. Ufa muachie mwenyewe.

Usivutwe na vibonyezo vya chuma vinavyong'aa. Kila kibonyezo kinafunika tundu la ziada, na kwenye filimbi ya bei ndogo ni nadra vyote kuziba sawasawa. Chukua isiyo na kibonyezo hata kimoja. Mwenye vidole vifupi ajaribu pia kutandaza mkono wa kulia. Matundu madogo hupungukiwa nguvu ya sauti, lakini huzibika kirahisi.

Fedha zikiwa hazitoshi, filimbi ya plastiki ngumu au hata ya bomba la PVC iliyotengenezwa na mtu anayejua kutuni inaishinda ya mbao iliyochongwa ovyo, na haipasuki.

Ukishanunua ya mbao, wiki ya kwanza piga dakika 10 kwa siku, ya pili 20, kila mara ukifuta unyevu ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mara moja kwa mwezi pitisha matone matano ya mafuta ya lozi, si ya alizeti, ambayo hugeuka gundi. Kichwa chenye bomba la chuma ndani kiangalie zaidi: ukitoka na filimbi Dar es Salaam kwenda Dodoma, mbao hunywea kwa ukavu lakini chuma hakinywei, na ufa hufunguka pale pale. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ganda bichi la chungwa, ukilibadilisha kila siku kabla halijaota ukungu.