Jinsi ya kumshukuru Mungu wakati mambo yamekubana

Kushukuru wakati wa shida sio kujifanya huumii. Tuelewane hapo kwanza. Umefiwa, au kazi imeota mbawa, au ndoa inayumba, afu mtu anakuja anakwambia "we mshukuru Mungu tu" na unabaki unamwangalia. Kosa sio la andiko, Paulo kaliandika wazi kwenye 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", shida ni kwamba wanaokutajia huo mstari hawakuonyeshi unaanzia wapi. Na hakuna anayekudai ufurahie msiba, unachoombwa ni kuendelea kumtambua Mungu ukiwa humo humo ndani ya msiba, ambayo ni kazi, tena kazi ngumu.

Cha kwanza, lia. Kabla ya shukrani yoyote mwambie Mungu kinachokuuma kama kilivyo bila kukipamba. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu lakini Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla hajafika kwenye kuimba pale mwishoni, na Zaburi ya 88 hata hiyo sehemu ya kuimba haina, inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia. Kwa hiyo kama leo uko kwenye 88 usijilazimishe ufike mwisho wa 13. Ongea kwa sauti ukiwa peke yako, andika, tembea huku unaongea, vyovyote tu, ila hapa usiruke.

Ukishalia tafuta kitu kimoja. Sio orodha ndefu, kimoja, na kiwe cha leo na kiwe kidogo mpaka unaona aibu kukitaja. Umelala masaa matatu mfululizo, kuna mtu kapiga simu na hakukupa ushauri, maumivu yalipungua kidogo jioni. "Asante Mungu kwa uzima" ni sala nzuri ila ukiwa umechoka inapita mdomoni tu bila kugusa popote, ila ukisema "asante kwa ile simu ya saa nne" hapo akili inabidi irudi ikaangalie siku ilivyoenda. Andika kwenye daftari au kwenye simu, na uweke tarehe, maana kuna siku utakuwa huoni kitu kabisa na utahitaji kusoma ulichoandika mwenyewe.

Sasa kuna njia moja ambayo naipenda kuliko zote na sijui kwa nini watu hawaitumii sana, Zaburi ya 136. Ina mistari 26 na kila mstari unaisha na maneno yaleyale, "kwa maana fadhili zake ni za milele". Inaanza na uumbaji, inapita Misri, bahari ya Shamu, jangwani, mpaka mstari wa 23 "aliyetukumbuka katika unyonge wetu". Unachofanya ni kuichukua hiyo staili na kuweka historia yako. "Aliyenipitisha ule mwaka nilioumwa, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyeniletea rafiki wakati wenzangu wamenikimbia, kwa maana fadhili zake ni za milele." Ukifika kwenye shida ya sasa hivi itaje pia, "ninayemngoja kwenye hili deni, kwa maana fadhili zake ni za milele", na kama hilo la mwisho unalitamka huku huliamini sana we litamke tu, kurudiarudia ndio kazi ya hiyo zaburi.

Afu usitenganishe kuomba na kushukuru, kana kwamba ukishaanza kushukuru huruhusiwi tena kuomba hali ibadilike. Wafilipi 4:6 imeviweka pamoja, kusali na kuomba pamoja na kushukuru, na Paulo aliandika hiyo barua akiwa kifungoni. Sala ya sentensi mbili inatosha: asante kwa hiki, naomba na kile.

Kitu cha kukwepa kabisa ni ile ya "angalia wenzako wana hali mbaya kuliko wewe". Najua watu wanaisema kwa nia njema, ila kwenye Luka 18:11 yule Farisayo ndivyo alivyosali, alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, na Yesu hakumsifia. Ukihitaji mtu aumie zaidi yako ndio ushukuru, basi siku ukikutana na mwenye nafuu kuliko wewe shukrani yote imeisha.

Pia kushukuru sio kukubali kuonewa. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, hiyo tunaihubiri kila mara, ila tunasahau asubuhi yake: wakubwa wa mji walivyotuma watu wawaachie kimyakimya Paulo alikataa, akasema wametupiga hadharani bila hukumu na sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Matendo 16:37, kasome. Kwa hiyo kama unapigwa nyumbani au unadhulumiwa kazini, sali, shukuru kwa unachoweza, na uende ukashtaki.

Kuna siku hutaweza kitu, hata hicho kimoja. Nenda ukae kanisani wengine waimbe, au mwambie mtu mmoja unayemwamini akushukurie kwa niaba yako wiki hii. Na kama wewe ndio rafiki wa aliye kwenye shida, marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno na hapo walikuwa sawa kabisa, walikuja kuharibu walipofungua midomo.

La mwisho ni la kiafya. Kama giza limekaa wiki kadhaa, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, hiyo sio dhambi ya kutokushukuru. Mwambie mtu leo, uende hospitali, na daftari litakusubiri.