Safari ya meli na washonaji wenzako: mishono bila pasi

Kwa wanaojiandaa kwenda safari ya meli na kikundi cha washonaji wa kwilti (mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa): weka mwiko mdogo wa mbao kwenye mkoba wa kushonea, uutumie badala ya pasi. Meli nyingi za utalii haziruhusu abiria kuingia na pasi kabini kwa kuhofia moto, na pasi za ukumbi wa kushonea huwa na foleni. Ukishamaliza mshono wa robo inchi kutoka ukingoni, fungua vipande viwili, vilaze juu ya meza ngumu upande wa mbele ukiwa juu, kisha pitisha ubapa wa mpini wa mwiko kwenye mstari wa mshono huku ukikandamiza. Akiba ya mshono (ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mstari wa mshono) ilalie upande wa kitambaa cheusi zaidi, isije ikaonekana kupitia kile cheupe. Pamba hushika mkunjo ukiikandamiza, na ikiwa imetiwa wanga kidogo nyumbani, hushika vizuri zaidi. Khanga na kitenge cha pamba tupu vinakubali kabisa, na ni vitambaa vya kupendeza mno kwenye kwilti!

Poliesta haikubali, mkunjo hufunguka papo hapo. Vipande vilivyokatwa hanamu (mshazari, si kwa kufuata nyuzi) navyo usivisugue, maana vinavutika na pembe hazitakutana tena; hivyo vibonyeze tu kwa kidole, bila kuburuta. Na bloku (kipande kimoja cha kwilti kilichoungwa) ikikamilika, panga foleni ya pasi mara moja kabla hujaiunganisha na nyingine, kwa sababu mwiko haunyooshi kitambaa chote.