Kati, katikati, kitovu au wastani? Hatua za kuchagua neno sahihi

Miswada mingi ninayohariri huyachanganya maneno haya, na anayeumia ni msomaji. Anakutana na "katikati" asijue kama anaonyeshwa nukta, eneo au pengo. Kabla hujaandika, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Jiulize unazungumzia nini hasa: nukta moja, eneo, nafasi inayotenganisha vitu viwili, au hesabu. Usiruke hatua hii, kwa sababu zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 2. Ikiwa ni nukta, andika *kitovu*. Duara lina kitovu kimoja tu, na umbali wa kutoka hapo hadi ukingoni ni uleule pande zote. Ila neno hili limetoka mwilini, mahali mtoto alipounganishwa na mama yake, kwa hiyo hubeba pia maana ya chanzo na uhai. Ndiyo maana bandari iliyo pembeni kabisa mwa nchi inaweza kuitwa kitovu cha biashara, na hakuna kosa.

Hatua ya 3. Ikiwa ni eneo au kipindi, andika *katikati*: katikati ya ukurasa, katikati ya wiki. Wengine husema "katikati mwa jiji", nayo ni sawa. Angalia tu upatanisho wa kitenzi: "katikati ya ukurasa pana picha", si "ina picha".

Hatua ya 4. Hapa nenda polepole, maana ndipo makosa yalipo mengi. Ikiwa ni nafasi inayotenganisha vitu viwili, andika *kati ya*, na ukizitaja pande hizo mbili, ziunganishe kwa "na". Sentensi kama "mkutano utafanyika kati ya saa 2 hadi saa 4" imechanganya miundo miwili. Chagua mmoja: "kati ya saa 2 na saa 4" ina maana kwamba utafanyika wakati wowote ndani ya muda huo; "kuanzia saa 2 hadi saa 4" ina maana kwamba utaujaza muda wote. Mtu anayepanga siku yake anahitaji kujua ni ipi.

Kwa uhusiano wa pande mbili, mimi hupendelea *baina ya*: mkataba baina ya nchi mbili. Kwa kundi kubwa, *miongoni mwa* huondoa utata.

Hatua ya 5. Kwa mpangilio, tumia *-a kati*: kidole cha kati, Mashariki ya Kati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Majina rasmi kama hayo usiyarefushe. Katika nyumba, "dirisha la kati" ni la pili kati ya matatu, hata kama yote yamesogezwa upande mmoja. "Dirisha lililo katikati ya ukuta" huenda likawa jingine kabisa.

Hatua ya 6. Ikiwa ni hesabu, usidhani wastani ndio katikati. Chukua 1, 2, 3, 4 na 90. Wastani wake ni 20, lakini namba iliyo katikati ni 3. Ukiandika habari za mishahara, tofauti hiyo inaweza kumdanganya msomaji vibaya sana.

Hatua ya 7. Kagua nyakati. "Usiku wa manane" ni usiku mkubwa, watu wakiwa wamelala, hautaji dakika. Kama tangazo lako lina mwisho wa kupokea maombi, andika saa 6 kamili usiku, pamoja na tarehe.