Somo: Filamu ya kutisha kwa bajeti ndogo, na namna ya kurudisha hela yako

Wakuu, wengi wanauliza wanunue kamera gani kwanza. Tuiache kamera kidogo. Filamu ya kutisha ya hela ndogo hupata faida au hasara ikiwa bado kwenye karatasi, kwa sababu kila mhusika na kila eneo unaloandika ni nauli, chakula na siku ya ziada. Nitatumia sana mfano wa filamu ya Paranormal Activity. Mwaka 2006 Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego, Marekani, kwa siku 7 na takriban dola 15,000. Ilipotoka rasmi kwenye kumbi za sinema mwaka 2009, iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 190 duniani.

Hatua ya 1: Andika kwa ulichonacho. Orodhesha sehemu unazoweza kuingia usiku bila kulipa: nyumba ya shangazi, duka likishafungwa, shamba la familia. Hadithi itafutwe baada ya hapo. Peli alikuwa na nyumba, wahusika wakuu wawili, na kamera juu ya stendi ikitazama kitanda na mlango ulioachwa wazi. Uamuzi huo mmoja ulifuta gharama nyingi. Kamera ni ya wahusika wenyewe, kwa hiyo mpiga picha hahitajiki, na picha ikiwa na chengachenga ndivyo inavyoaminika. Halafu angalia inavyomfanya mtazamaji: picha imetulia, saa ya pembeni inakimbia, naye anaanza kukagua chumba kona kwa kona akitafuta kilichobadilika. Mlango ukisogea kidogo tu, watu wanaruka vitini. Kusogeza mlango ni bure.

Hatua ya 2: Hela iende kwenye sauti. Watu huvumilia picha mbaya, lakini maneno yasiposikika wanazima. Pata maiki za kubana kwenye nguo. Zima feni na friji kabla ya kurekodi, na funguo za gari ziweke ndani ya friji hiyo. Hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kila chumba, wote mnyamaze, rekodi ukimya wake kwa dakika nzima. Edita ataumwaga chini ya mazungumzo ili sauti isikatike-katike. Na ukimya huo ukiuondoa ghafla sekunde chache kabla ya tukio, mtazamaji anajikuta ameshika pumzi.

Hatua ya 3: Vitisho vya mkono. Kinyago cha muuaji wa filamu ya Halloween ya 1978 kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa macho. Damu: shira nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo iingie weusi. Ijaribu mbele ya kamera kwanza.

Hatua ya 4: Karatasi. Hapa roho huniuma. George Romero na wenzake walitengeneza Night of the Living Dead, iliyotoka 1968, kwa takriban dola 114,000. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani halikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu ikawa mali ya umma. Yeyote aliweza kuinakili na kuiuza bila kuwalipa senti. Kwa hiyo waigizaji, mtunzi wa muziki na mwenye nyumba wote wasaini kabla ya siku ya kwanza. Ukurasa mmoja unatosha: nani anamiliki nini, nani analipwa lini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, hizo milioni 190 alichukua Peli zote?*
Hapana, ndugu. Hayo ni mauzo ya tiketi. Kumbi zinakata chao, msambazaji anakata chake, na studio iliingiza fedha nyingi kwenye matangazo. Piga hesabu kwa kile kitakachofika mkononi mwako baada ya makato.

*Simu inafaa?*
Inafaa. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe, tumia stendi, kisha kagua picha za siku kwenye televisheni kubwa. Giza linalopendeza kwenye simu, kule huwa ukungu wa kijivu.

*Niko Dodoma, vibali vikoje?*
Kibali cha kupiga filamu ni cha Bodi ya Filamu Tanzania. Kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ada ulizia ofisini kwao. Halafu mwone mwenyekiti wa mtaa, na uwapitie majirani nyumba kwa nyumba. Mayowe ya saa nane usiku huleta watu na marungu, na wanakuja kusaidia kwa moyo safi.

*Sina hata hela ya filamu nzima, nifanyeje?*
Piga fupi kwanza. Sam Raimi alitengeneza Within the Woods, filamu fupi, akaenda kuwaonyesha wenye fedha, ndipo akapata mtaji wa filamu yake ndefu ya kutisha, The Evil Dead. Chagua lile tukio moja linalokunyima usingizi wewe mwenyewe.