Kubadilisha buti la ekseli lililochanika

Buti la ekseli, yaani mfuko wa mpira unaofunika jointi ya ekseli na kutunza grisi yake, likichanika kwenye mchanga wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, usiendelee kuendesha pikipiki hiyo ya magurudumu manne, kwani mchanga ukichanganyika na grisi husaga gololi za jointi kama msasa. Toa gurudumu, chomoa ekseli, kata klipu zinazobana buti, kisha gonga jointi kwa nyundo mpaka iachie pete inayoishikilia kwenye ekseli. Ioshe kwa mafuta ya taa, ukizungusha kila gololi hadi kidole kisihisi chembe yoyote. Usiharakishe hapa, maana buti jipya juu ya jointi chafu ni hasara tupu. Ikikauka, vika buti, jaza grisi ya jointi, rudisha jointi, toa hewa iliyonaswa, ukaze klipu. Gundi ya kuziba buti lililochanika siiamini: hubanduka usukani unapozungushwa.