Nozeli ipi kwa dawa ipi: bomba la mgongoni katika mashamba ya Tanga

Mdudu kantangaze akiendelea kutoboa nyanya Lushoto baada ya dawa kupigwa mara tatu, lawama huenda dukani. Kabla ya kununua dawa nyingine, fungua ncha ya bomba utazame nozeli. Huenda dawa haikufika alipo mdudu.

Kwa wadudu na ukungu, tumia nozeli ya koni, ile inayotoa mduara ulio wazi katikati. Matone yake ni madogo na huenea vizuri kwenye majani. Shikilia mkono wa bomba chini, ncha ikitazama juu, maana wadudu wengi hujificha upande wa chini wa jani.

Kwa dawa ya magugu, koni haifai kabisa. Matone madogo hupeperushwa na upepo wa baharini, na mihogo ya jirani ikaungua. Chukua nozeli bapa inayotoa dawa kama feni, au ile ya kumwaga inayofanya kazi kwa mgandamizo mdogo, kama bar 1, na kutoa matone makubwa. Piga asubuhi kabla upepo haujaamka.

Nozeli za kukaza na kulegeza zinapendwa, lakini kila ukizizungusha kiasi cha dawa hubadilika, na kipimo chako chote kinaharibika. Zile zenye rangi za kimataifa zina uhakika zaidi: kwa bar 3, ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika, ya bluu 1.2, nyekundu 1.6.

Ukishachagua, pima kwa maji matupu. Weka alama ya maji kwenye bomba, piga eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jazia kwa jagi la vipimo hadi alama ile. Zikiingia lita 3, zidisha kwa 40: ekari itakula lita 120, yaani mabomba 8 ya lita 15. Kibandiko kikisema mililita 400 kwa ekari, kila bomba ni mililita 50. Anayekisia mabomba 5 huweka mililita 80 kila bomba, na shamba likila mabomba 8 amemwaga 640. Hapo ni hasara, na sumu imebaki kwenye mboga.

Nozeli huchakaa polepole bila kuonekana. Ikiwa mpya, kinga maji ya dakika moja ukipampu sawasawa, andika kiasi. Iliyotoa mililita 800 ikifika 880, itupe.

Ikiziba, usipulize kwa mdomo, wala usichokonoe kwa sindano au waya, kwani tundu litapanuka. Vaa glovu, ifungue, isugue kwa mswaki laini na maji, usafishe na chujio. Maji ya mtoni yachuje kwa kitambaa kabla hayajaingia kwenye bomba. Mswaki huo ukae stoo pamoja na bomba, mbali na watoto.