Namna ya kwenda fungu la Kwale na kurudi salama: anza na mwezi

Watu wa mjini hunipigia simu: "Jumapili tunataka fungu." Nami nawauliza, Jumapili hiyo mwezi ngapi? Sina haja ya Juni wala Julai, nauliza mwezi wa mbinguni. Mafungu ya mchanga yaliyo karibu na kisiwa cha Kwale, huku Ghuba ya Menai kusini ya Unguja, hutoka maji yakipwa. Maji yakijaa hubaki pa kutandika mkeka, au hapabaki kitu.

Hatua ya 1: Chagua siku

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi wa mbinguni ukiwa wa siku 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvua, yaani maji makubwa. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na maji hupwa kabisa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Hizo ndizo siku za fungu. Mwezi 8 au 22 ni maji mafu: hupwa alasiri, tena kidogo, na fungu linachungulia tu. Jumapili yenu ikiangukia hapo, ahirisheni.

Ijumaa tuachieni. Wengi wetu manahodha hatutweki mpaka tuswali.

Hatua ya 2: Upepo

Septemba hadi Novemba bahari huwa tulivu, na Januari na Februari kaskazi si mbaya. Juni hadi Agosti kusi hukaza, hasa mchana. Upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi husimama mafupi mafupi na kila mtu huloa. Nahodha akisema leo hakwendeki, usimwongezee pesa.

Hatua ya 3: Kagua chombo kabla hujalipa

Hesabu maboya ya kuvaa, moja kwa kila kichwa, na watoto wapate ya kitoto. Boya lililofungiwa chini ya sanduku la nanga halimsaidii mtu. Uliza petroli: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Plagi ya akiba iwepo, na kasia mbili. Kata ya kufulia ngama, maji yanayoingia chomboni, nayo, hata kama boti ni ya faiba. Pwani mwachie mtu saa mnayotarajia kurudi.

Hatua ya 4: Mzigo

Fungu halina mti hata mmoja. Chukua turubai na miti yake, maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, na deli la barafu. Vitumbua na chapati huvumilia chumvi. Wali wa nazi huchacha mapema kwa joto hilo. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, funga fundo.

Hatua ya 5: Kuondoka

Siku ya bamvua uwe Fumba, pwani tunakoondokea, saa moja na nusu asubuhi. Ukichelewa, maji yameshakimbia na boti inaelea mbali. Mtatembea kwenye tope na majani ya bahari mmebeba watoto mabegani. Vaeni viatu, na burura miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyelala mchangani asikie na aondoke.

Hatua ya 6: Nanga

Hapa niliumbuka. Mwaka wangu wa pili nilitia nanga maji ya kiunoni, kamba fupi, nikaenda kuchoma samaki. Maji yakaanza kujaa, boti ikanyanyuka, kamba ikasimama wima, nanga ikang'oka. Mtoto mmoja akaniambia, "Ami, boti inaondoka." Niliogelea nusu saa kuifuata. Siku hizi napiga hesabu ya kina kitakachokuwepo maji yakijaa, kisha naachia kamba mara tano ya hapo.

Hatua ya 7: Kijiti

Mkifika, chomeka kijiti ukingoni mwa maji. Kikiwa kikavu, bado yanapwa. Kikiloa, yamegeuka. Saa ya kwanza utaona kama yamelala, na hapo ndipo watu huzembea. Saa ya tatu na ya nne, katika bamvua, hupanda karibu mita nzima kila saa. Isitoshe, huingia kwa pande zote mbili na kujaza vibonde nyuma yenu wakati mnapiga picha mbele. Mimi hukunja turubai saa moja baada ya kijiti kuloa, na sibishani na mtu. Taka zote zinarudi na boti, mifupa ya samaki peke yake inabaki.

Hatua ya 8: Kwale

Kuleni huko, kivulini, mkishaswali Adhuhuri. Maji yakishapanda ndipo boti inaweza kupenya kwenye mikoko ya Kwale. Yakiwa yamepwa hapaingiliki. Saa kumi mkirudi Fumba, chombo kinasogea hadi mchangani, na bibi aliyebebwa asubuhi anashuka mwenyewe, kanga yake kavu.